Hajafa, Amepumzika

Naanza na kiti, maana huko ndiko maneno yalikoanzia. Miaka ishirini na miwili nimekalia kiti cha ofisi hapa Dar es Salaam, na kiti hicho kimeula mgongo wangu taratibu kama mchwa anavyokula nguzo: kwa nje unaona nyumba imesimama. Nikiinama kufunga kamba za viatu, kiunoni kunalia kitu kama bawaba ya mlango wa choo cha stendi. Daktari alinibonyezabonyeza, akaandika dawa ya kuchua, akasema, "Mzee wangu, ufanye mazoezi." Maumivu nilishayazoea. Hilo la "mzee wangu" ndilo lililonichoma.

Kosa langu ni kuyasimulia hayo wakati wa chakula cha usiku, binti yangu wa kwanza akiwa mezani. Huyu nilimsomesha uhasibu. Akahitimu, akapata kazi, kisha akapata yoga. Siku hizi hasemi amechoka, anasema nguvu zake zimeshuka. Sisi wengine tunapumua kwa sababu hatujafa. Yeye anapumua kwa mpango, tundu moja la pua kwa zamu, jingine amelizima kwa kidole gumba.

"Baba, dawa ya mgongo wako ipo," akasema. "Twende mafungo ya yoga. Familia nzima. Mahali penye utulivu na asili."

Akanionyesha simu. Ufukwe wa mashariki ya Unguja, huko Paje na Jambiani, wageni wamejikunja mchangani jua likichomoza. Siku saba, bei kwa dola. Nikaibadilisha kuwa shilingi, ikatoka bei ya bati za nyumba nzima pamoja na banda la kuku.

"Na chakula kimo humo?"

"Kimo. Cha asili. Hakuna nyama."

Kwa hiyo nilipe bati za nyumba nzima ili ninyimwe nyama. Nyumbani kwangu nyama nanyimwa bure.

Nikaitazama ile picha vizuri. Nyuma ya wale wageni, maji yakiwa yamekupwa, kulikuwa na wanawake wameinama hadi vichwa vinakaribia magoti. Wakulima wa mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hiyo hiyo mwaka 1989, na tangu hapo kila bamvua wanawake wa Paje na Jambiani wamo majini wanafunga kamba kwenye vigingi. Nikamwambia binti yangu, "Hawa wa mbele wanalipa ili wainame. Hawa wa nyuma wanainama ili walipwe. Yoga ni ile ile." Nikajiona nimesema neno la kuandikwa kwenye khanga. Msomaji, neno hilo liweke mahali, litakuja kuniumbua.

Kisha, ili kuufunga mjadala kabisa, nikaongeza, "Na kama shida ni kuinama penye utulivu na asili, kwetu Nandagala kunainamwa bure."

Mama watoto, ambaye muda wote alikuwa kimya akichambua samaki, akainua uso. "Haya. Tumekubaliana Nandagala."

Hivyo ndivyo mwanamume anavyojikuta kwenye basi.

Binti alichagua na tarehe. Mwezi Desemba 2014, Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India, ulipitisha kwamba Juni 21 iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga, na tangu 2015 dunia inaadhimisha. "Baba, siku hiyo dunia nzima inajinyoosha," akasema. Nikamwambia Juni 21 huko kwetu watu hawana nafasi ya kujinyoosha, ufuta umekatwa. Akasema huo ndio uzuri wake, tutajinyoosha karibu na ufuta.

Safari ya kusini mnaijua. Mbagala alfajiri, Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Nangurukuru, Mingoyo, halafu Nanganga unaiacha barabara ya Masasi na kushika lami ya Ruangwa. Konda aliitazama ile mikeka mitano ya mpira iliyoviringishwa, akatuuliza kama ni mabomba ya kisima. Tulipomwambia ni mikeka ya mazoezi, akaitoza nauli ya mzigo mara mbili: moja ya mikeka, nyingine nadhani ya mazoezi.

Nandagala ni kijiji ambacho Watanzania wengi walilisikia jina lake Novemba 2015, Kassim Majaliwa alipoteuliwa kuwa Waziri Mkuu. Sisi tulikuwa tukilisikia kabla ya hapo, hasa kila tulipoulizwa tunatoka wapi na muulizaji akasema, "Ndiyo wapi huko?" Mikorosho, mihogo, vumbi jekundu, na Mama yangu amekaa barazani miguu ameinyoosha mbele, mgongo hauegemei kitu, anapepeta. Binti yangu aliponyanyua simu kumpiga picha, akanong'ona, "Baba, mwone Bibi alivyokaa. Mkao huo sisi tumefundishwa miezi minne."

Shikamoo zikapokewa kwa mpangilio wake. Mtoto wangu wa mwisho, aliyevaa jezi ya Namungo, timu ya huku kwetu, ili apendwe, aliitwa "mume wangu" na kupewa muhogo wa kuchoma. Binti akaitwa "mke mwenzangu" na kuulizwa mbona amekonda, au wanagombania chakula huko Dar. Halafu Mama akauliza kilichotuleta.

"Tumekuja kwenye mafungo, Bibi. Mafungo ya yoga."

Mama akaweka ungo chini. "Mafungo ya uyoga? Ramadhani imeshapita, na uyoga hutoka na mvua. Mmechelewa yote mawili."

Tukaeleza. Tulieleza mpaka jua likazama. Mama aliugusa mkeka mmoja, akauvuta, ukarudi. "Nkeka gani huu hauna ukindu?" Akaukunja, akaunusa, akautua. Wazee wa huku wana subira na wageni wenye vifaa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta matrekta hapo jirani Nachingwea kulima karanga, wakajenga na reli kutoka pwani. Kufika 1951 mradi umekufa, na mwaka 1962 reli ikafungwa. Karanga zikaendelea kulimwa na wale wale waliokuwa wakizilima zamani, kwa jembe. Mama aliutazama ule mkeka kama mtu anayejua kwamba hata hili litapita.

Binti akafungua begi kutoa zawadi. Miongoni mwa zawadi hizo, nakuapia, kulikuwa na pakiti ya korosho. Amezinunua dukani Dar es Salaam, kwenye pakiti yenye dirisha dogo la kuchungulia, akazipandisha basi, akazileta Ruangwa. Mama alichukua moja, akaigeuza kwenye mwanga wa taa ya sola.

"Hii ni yetu," akasema. "Imekwenda, imerudi."

Hakukosea sana. Korosho zetu nyingi huondoka na ganda lake kwenda India na Vietnam, huko ndiko zinakobanguliwa. Nikaona nimpe mwanga zaidi. Nikamweleza kwamba hata hii yoga inatoka huko huko India.

Mama akaacha kutafuna. "Wahindi hao hao waliozikataa mbaazi zetu?"

Hapo binti yangu akakosa jibu, maana somo hilo halifundishwi kwenye yoga. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei huku kusini ikaanguka mpaka watu wakaona ni heri mbuzi wale. Mama alikuwa na magunia yake. Anayakumbuka moja moja, kama watoto.

"Kwa hiyo korosho wanachukua," akahesabu kwa vidole, "mbaazi walizikataa, halafu wanatuletea kuinama."

Akaingia kulala. Nilitaka kumpigia makofi.

Kesho yake, Juni 21, tuliamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Msomaji wa Dar anayedhani kusini ni joto tu, aje Juni. Kipupwe kinaingia kwenye mifupa bila kubisha hodi. Mikeka ilitandikwa chini ya mkorosho mkubwa ulio mbele ya nyumba, ukingoni mwa njia ya kwenda shamba. Mama alikataa wake, akaleta kigoda, akakaa pembeni kama mwangalizi wa uchaguzi.

"Fumbeni macho," akasema binti. "Vuta pumzi ndefu. Ipokee asubuhi."

Nikavuta. Wakati huo huo jirani yetu wa upande wa pili akawasha mashine ya kupulizia salfa. Juni mikorosho inaanza kuchanua, na ubwiri unga hausubiri mtu, kwa hiyo salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande wa kuinasa na upepo haujaamka. Upepo haukuwa umeamka, ila ile mashine ina upepo wake. Asubuhi niliipokea, tena ya njano. Nilikohoa mpaka machozi, kitindamimba akapiga chafya saba, na binti, macho yamefumbwa, akasema kwa upole, "Toa pumzi... achia kila kisichokufaa."

"Anaachia salfa yetu," akasema Mama kigodani.

Ukafuata mkao wa mbwa anayejinyoosha. Mikono chini, miguu chini, makalio juu kuliko heshima ya mtu mwenye umri wangu. Mbwa halisi wa pale nyumbani alitukaribia, akatutazama mmoja mmoja, akaondoka kimyakimya kama mtu aliyekuta jina lake limeandikwa vibaya. Sarafu zikanidondoka mfukoni, na kalamu, na kile kitambulisho cha kazi. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Wanankung'uta kama ufuta!" Kwa wasiojua, ufuta ukikauka hugeuzwa kichwa chini juu ya turubai na kupigwa fimbo mpaka utoe ulichonacho. Sikuona tofauti.

Mkao wa mti niliuangukia. Ukafika mmoja ambao jina lake sikulishika, maana binti na mama yake walilala chali, wakainua viuno na kuanza kuvizungusha taratibu. Mama aliruka kutoka kigodani kwa kasi ambayo sikujua bado anayo.

"Wanaume tokeni! Tokeni hapa! Haya hayachezwi barazani, yana mahali pake na yana watu wake!"

Mimi na kitindamimba tukakimbilia nyuma ya banda. Tulikaa huko karibu nusu saa tukisikia vicheko vya kike, kisha ngoma ya kupigwa juu ya debe, kisha sauti ya Mama ikisahihisha jambo. Walipotuita, binti yangu alikuwa na uso wa mtu aliyegundua kwamba mwalimu wake wa miezi minne alimficha mengi. Mpaka leo hajanieleza, na mimi sijauliza.

Tukaja kwenye wa mwisho. "Huu ndio mzuri kuliko yote," akasema binti. "Mkao wa maiti."

"Mkao wa nini?" akauliza Mama.

"Unalala chali, Bibi. Mikono pembeni, miguu imenyooka. Hufanyi chochote. Unatulia tu."

"Kwa nini ntu alale kama maiti na hali hajafa?"

Sikungoja jibu. Nililala. Nikiwa mkweli, hii ndiyo sehemu pekee ya yoga niliyoingia nayo kwa kipaji. Jua lilikuwa limeanza kupasha moto, salfa imetua, mgongo umekutana na ardhi ya kwao baada ya miaka mingi. Sekunde ya kumi sikuwepo tena duniani.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Nzi walinitua mdomoni. Mama, kwa huruma ya mzazi, akaleta khanga, akanifunika kuanzia kichwani mpaka miguuni. Binti na mama yake wakakaa pande zangu mbili, kimya, macho yamefumbwa, kama taratibu zao zinavyotaka. Kitindamimba, ambaye simu yake ilikuwa imenyang'anywa kwa ajili ya utulivu, alikuwa ameinamisha kichwa anafuta machozi ya salfa.

Sasa wewe jifanye unapita njia. Unaona mikeka imetandikwa nje mbele ya nyumba. Unaona mtu mrefu amelala chini amefunikwa gubigubi. Wanawake wawili pande zake mbili, kimya. Kijana analia. Na bibi mwenye nyumba amekaa pembeni, shavu amelilaza kiganjani. Unajua kwamba mwanawe wa Dar aliingia jana na basi, na waliomwona wanasema alishuka akiwa ameshika kiuno.

Wa kwanza kupita alikuwa dereva wa bodaboda. Hakuuliza. Alizima pikipiki kwa heshima, akaisukuma hadi ng'ambo ya nyumba, akaiwasha, akaondoka kwa kasi yote kuelekea kwenye watu.

Mimi niliamshwa na kilio. Si kilio cha sinema, hiki cha kwetu, kinachoanzia mbali njiani na kukua kadiri kinavyokaribia. Nikaivuta khanga usoni kutazama aliyefiwa. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akanyamaza ghafla, akarudi nyuma hatua tatu, akamkanyaga shehe.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake wamefika na ndoo za unga na mizigo ya kuni. Vijana wameegemea majembe, na mmoja wao, nilimwona kwa macho yangu, alikuwa akinipima urefu kwa hatua. Mwenyekiti wa kitongoji amekaa kwenye kigoda cha Mama, daftari magotini, kalamu sikioni. Wazee walishaulizana nani ataosha.

"Hajafa!" Mama akapaza sauti. "Amepumzika tu!"

Kauli hiyo, msomaji, kwa lugha ya msibani haisaidii chochote. Nusu ya watu waliitikia kwa kuinamisha vichwa.

Ikabidi nisimame mwenyewe, nitembee, nisalimiane na kila mtu mkono kwa mkono, niulizwe habari za Dar. Baadhi walionipa mkono waliushika kidogo zaidi, wanahakiki joto. Shehe alitaka kujua kama jambo hili ni ibada ya watu. Binti akamweleza kwamba wao wanaichukulia kama mazoezi ya viungo na pumzi. Akatafakari, akasema mazoezi hayana ubaya, ila mtu akifanya hili la mwisho aage kwanza.

Mwenyekiti hakutaka kufunga daftari. Alinisomea. Unga, debe moja na nusu. Kuni, mizigo minne. Kuku wawili. Taslimu shilingi 38,500. Ahadi tatu, zitalipwa malipo ya ufuta yakitoka. Hiyo ndiyo thamani yangu Nandagala, na nadhani ofisini haifiki hapo. Nikamwambia arudishe fedha za watu. Akakataa katakata. "Zimeshaandikwa kwa wino. Nikifuta, kesho watasema nimekula."

Ukurasa wa pili ndio ulionivunja. Kama ilivyo desturi, alishatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Walijitokeza wawili. Mmoja ananidai tairi la baiskeli la mwaka 1991. Wa pili alisema wazi kwamba kwa kuwa nimekufa alikuwa amenisamehe, lakini sasa mambo yamebadilika.

Kuku hawarudi walikotoka wakishafungwa miguu kwa ajili ya msiba. Wanawake waliinjika masufuria pale pale, kisamvu kikatwangwa, ugali wa watu arobaini ukasongwa, na kufikia saa saba mchana mafungo yetu yasiyo na nyama yakawa yamefunguliwa rasmi. Binti alikula paja. Nilimwona, naye aliniona namwona.

Jioni, watu wakiwa wameondoka, nilikaa na Mama barazani. Nikaona ndiyo nafasi ya kutumia lile neno langu la khanga. Nikamweleza habari za Paje, wageni mchangani na wanawake wa mwani majini. "Unaona, Mama, hawa watoto wanalipia kitu ambacho ninyi mmekifanya maisha yenu yote. Kupalilia, kupepeta, kuchota maji. Ninyi ndio mabingwa wa yoga, hamna tu cheti."

Nilingoja acheke. Alikuwa anasugua kiuno kwa ngumi, taratibu, mahali pale pale ninaposugua mimi.

"Uliwauliza?"

"Nani?"

"Hao wanawake wa mwani. Uliwauliza kama wanajinyoosha?"

Sikuwa nimewauliza. Niliwaona kwenye simu.

"Kuinama ni kuinama," akasema. "Nimeinama mikoroshoni, nimeinama kwenye karanga, nimeinama kisimani na wewe ukiwa ngongoni. Mgongo huu haujawahi kuniambia asante. Mimi hayo ya mbwa na mti sina haja nayo, nimeshayafanya bila mbwa." Akanyamaza kidogo. "Lakini ile ya mwisho. Ile uliyofia. Inafanywaje?"

"Unalala tu, Mama."

"Mchana?"

"Mchana."

"Na ntu hakuiti? Hakuna wa kusema maji yameisha?"

"Hairuhusiwi. Mwalimu anakataza."

Akatazama njia kwa muda mrefu. "Tangu niolewe sijalala mchana bila homa. Ukilala mchana, ama u ngonjwa, ama u nvivu. Ngonjwa anapewa dawa chungu, nvivu anapewa jina." Akainuka kwa hatua mbili, kwanza nusu, kisha nusu iliyobaki, akiwa ameshika ukuta. Mlangoni akageuka. "Hiyo ningelipia."

Nimeandika safu hii miaka mingi, na sikumbuki kunyamazishwa kwa maneno machache hivyo.

Asubuhi ya Juni 22, saa tatu, wakati wa kazi, jua limewaka na ufuta umepangwa unangoja fimbo, Mama alitoka amejifunga khanga mpya. Akalala chali kwenye ule mkeka usio na ukindu, chini ya mkorosho, mikono pembeni. Akafumba macho, akafumbua moja.

"Wewe kaa njiani. Wakija, waambie sijafa."

Ndiyo kazi niliyoifanya siku ya pili ya mafungo yangu. Nilikaa kwenye gogo pale njia inapoingilia uwanjani, kama askari wa geti. Binti alikaa kichwani kwa bibi yake, akiwapunga nzi kwa kipande cha boksi. Safari hii hakuna aliyefunikwa.

Akapita kijana wa baiskeli na madumu. "Hajafa," nikamwahi, "amepumzika." Akauliza anaumwa nini. Nikamwambia haumwi. Akanitazama kama mtoto anayeficha siri ya ugonjwa wa mzazi, akasema pole, akaenda.

Akaja mwenyekiti, kalamu sikioni. "Nifungue ukurasa?" Nikamwambia asifungue, haumwi, hajafa, amelala tu. "Amelala? Saa tatu? Bibi huyu?" Alisimama pale anamtazama, kisha akaondoka akigeuka nyuma kila hatua ya tano. Niliona jambo hili linamsumbua kuliko lile la jana. Mtu kufa alishaliona.

Wa tatu alikuwa jirani yetu, mama wa makamo, mzigo wa kuni kichwani. Nilianza wimbo wangu, hajafa, amepumzika, haumwi. Hakuniuliza chochote. Aliushusha mzigo polepole, akauegemeza kwenye shina. Akamwangalia Mama, kifua kinapanda, kinashuka, mdomo umeachia kidogo. Akaangalia mkeka uliokuwa pembeni yake, mtupu.

"Na huo mwingine," akauliza kwa sauti ya chini, "una mtu?"

Ulikuwa wangu. Nikachukua fimbo, nikaenda kukung'uta ufuta.